Miembe yetu inanyolewa vipara, naomba vijana tufundishwe kazi ya kutunza miti

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme jambo ambalo liko moyoni mwangu tangu mwaka juzi, na kama barua itakua ndefu punguzeni mnapoona panafaa ila ile sehemu ya mjomba wangu naomba msiitoe.

Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Gungu hapa Kigoma na kazi yangu ni bustani. Nafyeka, napanda ukoka, nachonga fensi za michongoma, napanga mawe ya njia, nachimba mashimo ya miche, nabeba samadi, kazi yoyote ya nje ya nyumba mi nafanya. Nilianza nilipomaliza fomu foo nikiwa na kwanja moja na toroli la kuazima, saa hizi nina mashine ya kukatia majani na vijana wawili tunaosaidiana nao na kazi ikiwa nyingi naita wa tatu. Sijalala njaa kwa kazi hii na namshukuru Mungu.

Sasa kila nyumba ninayoenda, nikishamaliza majani nikiwa nanawa miguu bombani, mwenye nyumba ananiita. "We kijana, na huu mti je?" Anaonyesha mwembe ulioinamia bati, au mkungu ulioinua sakafu ya baraza, au mjohoro uliofika kwenye nyaya. Hilo swali naulizwa karibu kila wiki na watu wako tayari kulipa, wakati mwingine mara tatu ya wanayonilipa kwa kufyeka. Kwahiyo ni kweli naandika kama mtu anayetafuta kupanua kazi yake, sifichi. Lakini sio hela tu na ndo maana nimeamua kuandika gazetini badala ya kukaa kimya nikachukua kazi.

Mwaka juzi mzee mmoja mwalimu mstaafu wa Mwanga aliniita nimpunguzie mjohoro wake. Akasema, "Mwanangu ushushe huu, ukate mpaka usawa wa bati, upepo wa mvua usije ukaniangushia." Nikamwambia sawa mzee. Nikapanda na panga na msumeno wa mkono, nikakata kichwa chote, nikabakiza shina na mikono minne mitupu kama mtu aliyenyoosha mikono juu, hamna jani hata moja. Nikalipwa elfu arobaini, mzee akafurahi na mimi nikafurahi, majirani wakaja kuangalia wakasema umekua safi. Ndani ya miezi michache mti ukatoa machipukizi mengi mno, yamesimama wima kama mafagio, mzee akanipigia simu akasema mti umerudi vizuri kuliko mwanzo.

Mvua za mwaka uliofuata, usiku, chipukizi moja lililokua limenenepa kushinda mkono wangu likachomoka na kipande cha gome likadondoka kwenye bati la jikoni. Alhamdulillahi hakukua na mtu. Nilienda asubuhi, nikanunua bati mbili kwa hela yangu nikamgongelea mzee, halafu nikapanda kuangalia kwa nini limechomoka. Pale nilipokata mwaka juzi palikua peusi, pamelowa, nikaingiza kidole kikaingia mpaka nusu. Ndani kumeoza. Yale machipukizi yote yalikua yameota pembeni ya sehemu iliyooza, yameshikwa na ganda la nje tu. Mimi ndo niliufanya ule mti uwe hatari. Ulikua mzima, nikaukata kwa sababu tuliogopa utaanguka, na kwa kuukata vile ndo nikaufanya uanze kuanguka.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nikaanza kununua bando usiku na kutafuta, kingereza changu sio kizuri sana ila ukirudia video mara tatu nne unaelewa. Nikajifunza kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Alex Shigo, alifanya kazi idara ya misitu ya huko, yule bwana alipasua maelfu ya miti kwa chenso kutoka juu mpaka chini ili aone ndani ya kidonda kunatokea nini. Alichokiona ndo kimebadilisha kazi hii duniani. Mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Ukiukata haurudishi nyama mpya pale palipokatwa, unachofanya ni kujenga ukuta kuzunguka kidonda ili ule uozo usisogee, halafu unaendelea kukua kwa nje kukifunika. Ukikata mahali ambapo mti una uwezo wa kujenga ukuta, unapona kwa namna yake. Ukikata katikati ya tawi au katikati ya shina kama nilivyofanya mimi, ukuta unashindwa, uozo unashuka ndani taratibu miaka na miaka wakati wewe unaona majani ya kijani unadhani mti una afya.

Na mahali pa kukata pako wazi kabisa ukishaonyeshwa. Angalia tawi lolote linapotoka kwenye shina utaona kuna uvimbe kidogo, kama shingo ya shati imezunguka mzizi wa tawi. Unakata nje ya hiyo shingo, usiiguse na usiache kisiki kirefu pia. Tawi likiwa zito hukati mara moja, maana likianza kuanguka kabla hujamaliza linachana gome mpaka chini kama unavyomenya ndizi. Unaanza kukata kwa chini, kama sentimita thelathini kutoka kwenye shina, mpaka theluthi moja hivi. Halafu unasogea mbele kidogo unakata kwa juu, tawi linadondoka lenyewe bila kuchana kitu. Kinabaki kisiki chepesi, hicho ndo unakikata pale kwenye shingo. Mara tatu. Sijawahi kuona mtu hapa mjini akifanya hivo na mimi mwenyewe nilikua sifanyi. Na ile tabia ya kupaka rangi au oili chafu kwenye kidonda haisaidii, mti unataka kidonda kikauke kwa hewa.

Nimeanza na hayo ili wasomaji waelewe nikisema miembe yetu inanyolewa vipara namaanisha nini. Mwezi uliopita nimepita barabara moja hapa mjini nikakuta miembe mitano mikubwa, vivuli ambavyo mama zetu wanakaa kuuza dagaa na mawese, imekatwa vichwa vyote. Kuna watu walipewa tenda wakaja na chenso wakamaliza kwa siku moja. Gome limechanika hadi kwa magoti. Wale wakina mama sasa wamefunga maturubai. Sitaji ni nani aliyetoa hiyo tenda maana sina ugomvi na mtu na naamini waliotoa walikua na nia nzuri, waliogopa matawi yasidondokee watu, kama mzee wa Mwanga alivyoogopa, kama mimi nilivyokua sijui. Hakuna aliyewaambia kuna namna nyingine. Mwembe mkubwa ukitoa matawi makavu, ukitoa yale yanayosuguana, ukapunguza uzito kwenye ncha za matawi marefu, unabaki na kivuli chako na upepo unapita katikati badala ya kuusukuma kama tanga la mtumbwi. Kazi hiyo inachukua siku nzima kwa mti mmoja, ndo maana mwenye haraka anakata kichwa.

Tena mwembe una kitu kingine, embe zinatoka kwenye ncha za matawi. Ukikata ncha zote umekata embe. Hapa kwetu miembe inatoa maua kiangazi, kwahiyo mtu anayekuja Julai kukupunguzia matawi mabichi anakukatia mavuno yako ya Desemba. Tawi kavu litoe siku yoyote, bichi subiri embe ziishe. Sasa nani anawaambia watu hivo? Hakuna.

Na sisi watu wa Kigoma kwa mwembe tungepaswa kua wa mwisho kukosea. Nenda Ujiji. Pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, sote tumefundishwa shuleni walikutana chini ya mwembe. Ule wenyewe ulishakufa, iliyopo sasa inasemekana imetokana na ule wa zamani, na wageni wanatoka mbali wanakuja kusimama chini yake na kupiga picha. Njia ile ya misafara ya pembe na ya watumwa, Ujiji mpaka Tabora mpaka Bagamoyo, ina miembe mikongwe sehemu nyingi, na serikali yetu iliiweka hiyo njia kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006. Babu zetu walitembea na minyororo kwenye vivuli vile. Mti kama huo ukipata tawi bovu nani anapanda? Kwa kamba gani? Ataukata wapi? Mi nikisimama chini ya miembe ya Ujiji naangalia juu naona matawi makavu na nawaza kitu hicho tu.

Sasa nije kwa mjomba.

Mjomba wangu ni mkwezi wa michikichi, amekwea tangu akiwa na miaka kumi na nne na sasa amepita hamsini. Anazungusha ule mkanda kwenye mti na kiunoni kwake, anaegemea nyuma, miguu inakanyaga shina, anarusha mkanda juu anapanda, anarusha tena anapanda. Mchikichi wa kienyeji unaweza kufika urefu wa nyumba ya ghorofa nne na yeye anafika kileleni nikiwa bado natafuta kivuli cha kukaa. Akifika anaegemea mkanda, mikono yote miwili huru, anakata makuti anakata mkungu wa chikichi, anaangalia chini kabla hajaachia, anapiga kelele "tokaaa" ndo unaanguka. Hajawahi kuanguka wala hajawahi kumwangushia mtu. Siku moja nikamwonyesha kwenye simu video ya Wazungu wanaopanda miti mikubwa kwa kamba, wamevaa helmeti, mikanda ya mapajani, kamba mbili kila mtu. Akaangalia mpaka mwisho kimya. Akasema, "Hawa wanafanya kazi yangu. Isipokua wao wana kamba ya pili."

Mhariri, hilo neno la mjomba nimelifikiria sana. Kamba ya pili. Mkoa huu una wakwezi wengi wa namna yake, Simbo, Mwandiga, Kalinzi, huko Uvinza, watu wasioogopa urefu, wanaojua kusoma mti kabla ya kuugusa, wanaojua upepo. Na kazi yao inapungua. Tangu 2018 serikali ilipoanza kampeni ya michikichi, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekua kinazalisha mbegu za Tenera, zile zenye ganda jembamba na mafuta mengi, na mimi naunga mkono maana Dura za babu zetu mafuta yake ni kidogo. Lakini Tenera inaanza kuzaa ikiwa na miaka kama mitatu bado fupi, unavuna umesimama chini. Mashamba yakibadilishwa mkwezi hatahitajika kwa miaka mingi. Ujuzi wa mjomba utazikwa nae, wakati mjini kuna maelfu ya miti mikubwa inasubiri mtu wa kupanda kwa akili.

Ila sio kwamba mkwezi ashuke kwenye mchikichi leo apande mwembe kesho. Mjomba mwenyewe alikataa. Mchikichi ni shina moja lisilo na matawi, mkanda unateleza mpaka juu. Mwembe una mikono, ukifika tawi la kwanza inabidi ufungue mkanda uuvushe, na hiyo dakika uliyofungua ndo dakika watu wanakufa. Kwenye mti wa matawi unatakiwa kamba ipite juu yako kwenye panda imara, na uwe na kamba fupi ya kujifunga unapohamisha ile ndefu ili usiwe huru hata sekunde moja. Hata vile vyuma vya miguuni wanavyovaa watu wa nguzo havitakiwi kwenye mti unaoutaka uishi, kila hatua ni kidonda. Hivi ni vitu vya kufundishwa na mtu aliyesimama pembeni yako, simu haitoshi. Simu haiwezi kukuambia fundo lako umelifunga vibaya.

Nasema hivo kwa uchungu. Rafiki yangu tuliyesoma nae alichukua kazi ya kuangusha mkaratusi nyuma ya nyumba ya mtu. Akaazima chenso, hakua na kamba, hakua na helmeti, akapanda na ngazi, akakata tawi akiwa kwenye ngazi na tawi lilipodondoka likapiga ngazi. Alianguka kama mita tano. Nyonga ilivunjika. Mwenye nyumba alimpeleka hospitali akaacha laki moja na hakuonekana tena. Rafiki yangu ana miaka 26, anatembea na fimbo, ana mtoto mmoja. Tulikua tumepanga tufungue hii kazi pamoja. Tangu siku ile mtu akiniita nikate mti mkubwa nakataa, nasema mi nafanya kile ninachofikia nimesimama chini kwa mkasi wa mti mrefu na msumeno wa mkono, zaidi ya hapo sipandi mpaka nifundishwe. Wengine wananicheka wanaita mtu mwingine, na huyo mtu mwingine anapanda bila kamba.

Nimetafuta pa kujifunza. Nilienda chuo kimoja cha ufundi nikauliza kama kuna kozi ya kutunza miti ya mjini, dada wa mapokezi alikua mkarimu sana akapitia karatasi zote, kuna umeme kuna magari kuna ushonaji kuna useremala, hakuna. Akaniuliza, "Useremala si ndo wa miti?" Nikamwambia dada mi nataka ule uliosimama. Nchi hii ina Chuo cha Misitu Olmotonyi kule Arusha, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo SUA Morogoro, jirani zetu Tabora wana Chuo cha Nyuki, watu wa misitu tunao na wana elimu kubwa. Ila msitu ni kitu kimoja na mwembe ulio kati ya bati, nyaya, bomba la maji na watoto wanaocheza ni kitu kingine. Huko Marekani kuna chama cha watunza miti kilianza mwaka 1924, siku hizi ni cha kimataifa, na ili ufanye mtihani wao uitwe mtunza miti mwenye cheti sharti uwe na uzoefu wa miaka mitatu, au pungufu kidogo kama una elimu ya kazi hiyo. Miaka mitatu kabla ya mtihani! Hapa kwetu sharti ni uwe umeazima chenso.

Nikajaribu na njia ya mkopo. Si kuna ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 4 ni ya sisi vijana, haina riba, ilisimama 2023 ikarudi 2024. Tukaunda kikundi, vijana wa bustani watatu na wakwezi watatu, tukaandika andiko letu: kamba za kupandia, mikanda ya mwili, helmeti, miwani, misumeno ya mkono mizuri, buti, na hela ya kumleta mtu wa kutufundisha wiki mbili. Chenso hatukuweka kwa makusudi. Ofisi tuliyopeleka, aliyepokea akasoma akauliza, "Kupunguza matawi nayo ni biashara?" Akatushauri tuombe bodaboda au kuku. Mi sina ubaya na kuku. Lakini tulitoka pale vijana sita tumeinamisha vichwa na wawili hawajarudi tena kwenye kikao.

Nataka nijibu lile swali sasa, kwa heshima. Ndio ni biashara. Kila halmashauri nchi hii imepangiwa kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka. Kila tarehe 1 Aprili tunasherehekea siku ya kupanda miti, viongozi wanashika majembe, wanafunzi wanaimba, picha zinapigwa, jambo zuri kabisa na mimi nimechimba mashimo ya hizo sherehe nikalipwa. Halafu? Mche unafungwa kwenye mti wa kuushikilia kwa waya, miaka miwili baadae waya umeingia ndani ya gome umeunyonga na hamna aliyepita kuufungua. Mche mwingine umetoa vichwa viwili, ukiondoa kimoja ukiwa na miaka mitatu ni mkasi na dakika moja, ukiuacha miaka ishirini ule panda unapasuka siku ya upepo na hapo ndo unaita chenso na unalipa laki tatu. Nimeona mahali wamefukia shina kwa udongo na samadi kama kichuguu, gome linaoza taratibu, wakati samadi na majani makavu vinatakiwa vizunguke kwa mbali kidogo shina lipumue. Nimeona zege limemwagwa mpaka kwenye shina. Nimeona mtaro wa maji umechimbwa mita moja kutoka kwenye mwembe, mizizi minene yote ya upande mmoja imekatwa, halafu mwaka uliofuata mwembe ukaanguka na watu wakasema ni upepo. Watu wanadhani mizizi inaenda chini kama nguzo. Mizizi mingi iko juu juu, kwenye nusu mita hivi ya kwanza ya udongo, na inatambaa kupita hata kivuli cha mti. Misumari ya mabango, takataka zinazochomwa chini ya shina, hayo kila mtu anayaona.

Kama kijana mmoja aliyefundishwa angelipwa kupita kila miche elfu moja mara mbili kwa mwaka akiwa na mkasi, kamba laini na ndoo, ingekua nafuu kuliko kupanda upya ile iliyokufa. Huo ndo mwanzo wa kazi hii, hata kabla ya kupanda juu. Wakubwa wangu wa manispaa nawaomba walifikirie hilo, hata kwa mtaa mmoja, hata kwa miti ya shule moja.

Kuna watu wataogopa kwamba nikisema kazi ya miti nataka tufungue mlango wa kukata miti hovyo. Hapana. Mti haukatwi tu, kuna Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002 na kuna vibali, ofisi ya maliasili ipo, na mtunza miti wa kweli ndo mtu wa kwanza kukuambia mama huu usiukate bado una miaka hamsini ndani yake. Na mti ulioshika nyaya siugusi hata nifundishwe vipi mpaka TANESCO wapigiwe simu waje wenyewe wazime, umeme unapita kwenye tawi bichi na hauulizi una cheti au huna.

Kilichonifanya niandike wiki hii badala ya mwezi ujao ni mama mmoja wa Katubuka. Ana mwembe uliopandwa na marehemu mume wake, una tawi moja kavu nene limekaa juu ya chumba wanapolala wajukuu wake. Alikua ameshaita watu wa chenso waumalize wote. Nikamuomba. Nikamwambia mama, mti ni mzima, tawi moja ndo limekufa, tuondoe hilo sasa, na yale mabichi yanayolalia bati tuyapunguze embe zikiisha. Akakaa kimya muda mrefu akaangalia juu. Akasema, "Baba yao alikua anakaa hapa jioni. Sawa mwanangu, nakupa mpaka mvua zianze. Zikianza na hilo tawi lipo, nawaita wale." Mvua zetu zinaanza Oktoba.

Sikulala tena. Nikaenda kwa mjomba, tukaenda wote tukauzunguka ule mwembe asubuhi nzima. Mjomba amekubali kupanda kwa sharti lake, kwamba pawe na kamba ya pili na pawe na mtu anayejua anayesimama chini kuangalia kila fundo na kila hatua. Kamba tumepata, mbili, mpya, tumechanga. Msumeno wa mkono upo. Wajukuu watahamia kwa jirani siku hiyo. Kitu ambacho hatuna ni huyo mtu wa tatu.

Kwahiyo Mhariri naomba barua hii itoke kabla ya Oktoba. Najua Kigoma kuna mabwana misitu wastaafu, kuna watu waliofanya kazi za kupanda nguzo au minara wanaojua kamba na mikanda, kuna waliosoma Olmotonyi wakarudi nyumbani. Mmoja wenu akiwa na asubuhi moja ya Jumamosi tunamuomba aje Katubuka asimame chini ya ule mwembe, atuambie tunapokosea kabla hatujakosea. Kama akiona haiwezekani kwa vifaa tulivyonavyo aseme, mjomba hatapanda na mimi ntamwambia mama ukweli. Nauli na chai juu yetu. Wale vijana wanne waliobaki kwenye kikundi watakuwepo na daftari. Rafiki yangu wa nyonga nae amesema atakuja, atakaa kwenye kiti na atashika filimbi ya kusimamisha kazi.

Anuani yangu nimeiacha kwa mhariri.

Wenu,
Kijana wa bustani
Gungu, Kigoma